Rudisha Masale Kwanza

"Mama, samehe tu. Sisi ni watu wa Mungu."

Kikao kilichukua saa mbili na nusu, na hilo ndilo lililotoka. Tulikuwa saba katika ofisi ya usharika mmoja mlimani Kilimanjaro: wazee wa kanisa wanne, mjane, shemeji yake, na mimi niliyeitwa kwa sababu kihamba chetu kinapakana na chao na nimekulia hapo. Mezani palikuwa na chupa ya chai, vikombe visivyofanana, Biblia, na daftari la ahadi za jengo jipya. Mjane alikuwa amejitanda kanga juu ya gauni lake la Jumapili, ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Shemeji mtu, kaka mkubwa wa marehemu, alikaa na mikono yake juu ya bakora, katulia kama mtu anayetazama marudio ya mechi ambayo timu yake ilishinda.

Shauri lilikuwa masale. Kwa msiotoka huko: mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, hauwekwi kwa zege wala nguzo. Hupandwa masale, mmea wa majani marefu usiokufa ovyo, na kila mtoto wa Kichagga anajua kwamba masale hayachezewi. Sasa mume wa huyu mama alizikwa, matanga yakaisha, na kabla mwaka haujageuka masale yakatembea. Yalitembea hatua tatu, kuelekea kwenye kahawa ya mjane. Ndani ya hatua hizo tatu mna mibuni tisa, migomba saba na njia ya kufikia mfongo unaoleta maji. Mahali ambapo kihamba kimegawanywa kutoka babu hadi mjukuu mpaka kimebaki kama leso, hatua tatu ni ada ya mtoto.

Mama akalalamika, akaitwa, akaambiwa asamehe. Ikafungwa kwa sala, na katika sala hiyo Mungu akashukuriwa kwa kurejesha umoja wa familia. Masale yalikuwa palepale yalipohamia.

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima na sasa nasema: kile hakikuwa kikao cha upatanisho. Kilikuwa kikao cha kuhalalisha wizi, kimepakwa Biblia juu kama samli juu ya kiporo. Na hakiko usharika mmoja tu. Nendeni kwa Wakatoliki, nendeni kwa Wapentekoste, nendeni Moshi, Mbeya, Bukoba, mtakuta meza ileile na chupa ileile ya chai. Aliyedhulumiwa anahubiriwa msamaha, na aliyedhulumu anapewa kikombe cha kwanza.

Tena wana maandiko yao. Siku ile mzee mmoja alifungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya sita, akamsomea mjane kwa sauti ya pole, kwa kuwa mjane alikuwa amethubutu kutaja baraza la ardhi la kata. Paulo, akasema mzee, amewakataza Wakristo kushtakiana mbele ya wasioamini. Heri mtu akubali kudhulumiwa. Akafunga kitabu. Alifunga mapema mno! Angeteremsha kidole mstari mmoja tu angemkuta Paulo amegeuka, amewakabili wanaodhulumu na kunyang'anya, tena ndugu zao wenyewe, na mistari miwili mbele anawaweka wezi na wanyang'anyi katika orodha ya watu ambao ufalme wa Mungu si wao. Na kabla ya hapo Paulo alishauliza swali ambalo wazee wetu huliruka kama tope la njiani: hivi kweli kati yenu hakuna hata mmoja mwenye hekima ya kuamua kesi ya ndugu wawili? Kuamua, jamani. Paulo aliwakataza Wakorintho kwenda kortini kwa kuwa alitegemea kanisa lingetoa haki iliyo bora kuliko ya kortini. Ninyi mmefunga mlango wa korti, na mlango wenu pia mkaufunga, kisha mnamwambia mjane akae barazani amsifu Bwana.

Kuna andiko jingine, hili limepinduliwa kabisa. Katika mahubiri ya mlimani Yesu anamzungumzia mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akakumbuka jambo. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane na nduguye. Waulizeni waumini kumi ni nani anayetakiwa kwenda, tisa watawajibu: mwenye kinyongo. Someni tena. Anayeondoka madhabahuni ni yule ambaye nduguye ana neno juu yake, yaani mkosaji. Yesu hamsimamishi mjane katikati ya ibada ili aende kumbembeleza shemeji. Anamsimamisha shemeji, na bahasha yake mkononi, mbele ya watu wote. Ningelipa nauli yangu ya basi kutoka Dar es Salaam kuiona Jumapili hiyo moja tu.

Na akishafika kwa nduguye afanye nini? Apeane mkono, wapige picha? Mambo ya Walawi, sura ya sita, haina maneno mengi: aliyemnyang'anya jirani yake arudishe kitu chenyewe, aongeze sehemu ya tano, amkabidhi mwenyewe; kondoo wa sadaka anatajwa baada ya hapo. Kwa hatua tatu za kihamba, sehemu ya tano ni zaidi ya nusu hatua. Hesabu ya darasa la nne. Zakayo hakuhitaji hata kuhesabiwa. Aliteremka kutoka mkuyuni, akasimama, akasema mwenyewe kwamba aliowatoza kwa hila atawarudishia mara nne, na ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika nyumbani mwake siku ile. Nimesikia mahubiri mengi juu ya ufupi wa Zakayo. Watoto wa Sunday school wanauimba. Juu ya zile mara nne, kimya.

Yakobo naye alijua. Alikuwa amemdhulumu kaka yake haki ya mzaliwa wa kwanza na baraka ya baba, akakimbilia ugenini miaka ishirini. Aliporudi hakutuma ujumbe kwamba yaliyopita si ndwele. Alitanguliza mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, kundi baada ya kundi, na ukijumlisha kama walivyoandikwa unapata wanyama 550, bila kuhesabu ndama wa ngamia. Nyuma ya wanyama hao akaja mwenyewe, anachechemea, akainama hadi nchi mara saba. Ndipo wakakumbatiana na kulia. Sisi tunataka kuanzia kwenye machozi.

Najua mnachotaka kunijibu. Na Isaka je? Hakuwaachia Wafilisti visima, akachimba kingine, wakagombea na hicho, akaacha, akachimba cha tatu? Ndiyo, na nampenda Isaka. Lakini Isaka alikuwa tajiri kiasi kwamba mfalme wa Gerari alimwomba aondoke kwa kuwa amekuwa mkubwa mno, na bonde la kuhamia alikuwa nalo. Huyu mama ahamie bonde gani? Juu yake kuna msitu wa hifadhi, chini yake kuna shemeji. Na Abrahamu, wachungaji wake walipogombana na wa Lutu, aliyesema chagua wewe kwanza ni yeye, ami yake, mkubwa, mwenye ahadi ya nchi nzima mfukoni. Katika vitabu hivi anayepisha ni mwenye nguvu. Mkubwa anamwachia mdogo malisho. Huku kwetu mkubwa anahamisha masale, na mdogo ndiye anaagizwa kuwa Abrahamu.

Wengine watanitajia sabini mara saba, na msalaba, ambapo Yesu aliwaombea msamaha waliompigilia misumari kabla hata hawajaomba. Sina ubishi, hilo ni kubwa kuliko mimi. Mama akitaka kumsamehe shemeji yake usiku, peke yake, kwa magoti, hiyo ni siri yake na Mungu wake, na pengine alishafanya. Ila yule aliyesamehe msalabani ndiye aliyekuwa juu ya msalaba. Hakuna mahali katika Injili ambapo mtazamaji, kashiba chai, anamwamuru aliyepigiliwa awasamehe haraka ili watu wawahi nyumbani. Na kwa mambo ya ndugu na ndugu Yesu aliweka utaratibu, uko Luka 17: akikosa mkemee, akitubu msamehe. Huyu shemeji amekemewa na nani? Na kutubu kwake nikuonyeshe wapi, kwenye masale?

Nasisitiza hili la wajane kwa sababu kanisa la kwanza kabisa liliwahi kuingia katika jaribu hilohilo. Matendo ya Mitume, sura ya sita: Wayahudi wa lugha ya Kiyunani wakanung'unika kwamba wajane wao wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume walikuwa na kila kisingizio, mahubiri yalikuwa yamewabana. Hawakuwaambia wajane wavumilie kwa jina la umoja. Waliita mkutano, wakachaguliwa wanaume saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaani upawa ulikabidhiwa upande uliokuwa unalia njaa. Katika ule usharika wetu, wazee wanne waliokaa kuamua kesi ya mjane na mzee mwenzao wote walikuwa wanaume, wawili kati yao ni ukoo mmoja na mshtakiwa, na yule wa tatu anamdai.

Halafu kuna mpaka wenyewe, ambao Biblia haiuoni kama jambo la wapimaji. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, Walawi wanaagizwa kusoma laana kumi na mbili kwa sauti kuu, na watu wote waitikie Amina kila moja. Mstari wa 17 ni laana ya anayeondoa mpaka wa jirani yake. Mistari miwili tu mbele, katika wa 19, laana inamwangukia anayepotosha haki ya mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo shemeji ana ya kwake, na wazee wa kikao wana ya kwao, katika ukurasa mmoja. Jaribuni kuisoma Jumapili ijayo, mtuambie Amina imeitikiwa na wangapi.

Mtu atasema nakuza jambo, migomba saba haifai kelele hizi. Basi tushuke kidogo magharibi, hadi mlima wa jirani, Meru, kule Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligawanyika kuhusu kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini. Walikuwa watu wa lugha moja, ubatizo mmoja, kitabu kimoja cha nyimbo. Ilifika mahali nyumba zikachomwa na mashamba yakafyekwa. Fikirieni Mmeru anayefyeka kahawa, mmea unaochukua miaka kuzaa, kwa sababu ya dayosisi. Waliokuwa wanaimba sauti ya pili na ya tatu katika kwaya moja walilala macho wakichungana. Manung'uniko yale hayakuzaliwa siku moja. Yalikuwa yamefunikwa kwa miaka, na kila kifuniko kiliitwa amani.

Na Arusha hiyohiyo, kuanzia mwaka 1995, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, nchi ambayo kabla ya 1994 ilikuwa ikisifiwa kwa kujaa makanisani. Padri Athanase Seromba wa parokia ya Nyange alihukumiwa pale. Watu wapatao 1,500 waliokimbilia kanisani mwake walibomolewa kanisa juu yao kwa tingatinga, na mwaka 2008 rufaa ikamwongezea adhabu ikawa kifungo cha maisha. Sifananishi mkungu wa ndizi na Nyange, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba nyimbo za upendano zilikuwepo Nyange kila Jumapili, na misa ilikuwa na muda wake wa kutakiana amani, mkono kwa mkono.

Nani basi aliwahi kufanya upatanisho vizuri? Wapo, na hawako mbali. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda na kuvuka hadi Bukoba, una mengi ya kulaumiwa. Walikuwa wakali, walipenda kuwapima wenzao wokovu kama karani anayepima kahawa. Lakini walikuwa na desturi moja iliyowatia watu hofu: kurudisha. Mtu akiokoka anamwendea mwajiri na kifaa alichoiba, anamwendea jirani na fedha, anasema hadharani nilikuibia. Bibi yangu alikuwa anawacheka wanauamsho kwa kuimba usiku kucha, lakini alisema akiwa na ng'ombe wa kumwachia mtu, atamwachia mmoja wao.

Na kabla ya Gahini, kabla hata ya wamisionari wa Leipzig kupanda mlima, Wachagga walikuwa na jani. Ni hilohilo la masale. Mmea unaoweka mpaka ndio unaoomba radhi. Aliyekosa alimpelekea aliyekosewa jani la sale, na ilikuwa vigumu mno kulikataa, lakini halikwenda mikono mitupu. Kulikuwa na mbege, kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na wazee wa kusikia kosa likitajwa kwa jina lake. Waliokaa chini ya mgomba na kata ya mbege walijua kitu ambacho kamati yetu yenye muhuri na letahedi haikijui. Hebu fikiria shemeji anavunja jani la kuombea radhi kutoka kwenye masale yaleyale aliyoyang'oa akayapanda kwingine. Hata angelileta, ni jani la ushahidi.

Nimwambie mama yangu huyu jambo moja ambalo hakuambiwa ofisini. Baraza la kata, tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kwenda huko si dhambi. Paulo mwenyewe, alipoona mbele ya Festo kwamba hatapata haki, alikata rufaa kwa Kaisari.

Sasa nije kwenye langu, maana nimewachapa wazee ukurasa mzima kana kwamba mimi nilikuwa nje ya dirisha. Pale ofisini mwenyekiti alinigeukia mwisho kabisa. "Kijana wetu, wewe umekulia pale. Masale yalikuwa wapi?" Najua yalipokuwa. Nilikuwa najificha nyuma yake tukicheza kibe na mtoto wa huyo mama, na upande wa mfongo kuna jiwe jeusi ambalo sale la mwisho lilikuwa limeliegemea. Shemeji alikuwa ananitazama. Ndiye aliyesimamia mazishi ya baba yangu, na ndiye mwenye gari linalompeleka mama yangu hospitali. Nikasema, "Wazee wangu, mimi siku hizi ni mtu wa mjini. Mipaka sina hakika nayo." Mjane hakuniangalia. Alikuwa anakunja ncha ya kanga, anaikunjua, anaikunja.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya malimbuko. Baada ya ibada ukafanyika mnada nje, kama kawaida: mayai, kuku wamefungwa miguu, maboga, lita za maziwa. Shemeji alikuwa ameleta mkungu wa mshare, mnene, utomvu bado unadondoka kwenye kikonyo, na hakuna mtu pale aliyehitaji kuambiwa umekatwa upande gani wa masale. Mnadishaji akaanza na elfu kumi. Ikapanda. Watu wa kutoka mjini tunatazamiwa tupandishe bei, ndiyo sababu tunarudi Desemba. Nilisikia sauti yangu ikisema thelathini na tano, nikapigiwa makofi, na shemeji akanipa mkono kwa mikono miwili.

Nikauinua begani, nikashika njia ya chini inayopita kwenye mfongo. Mjane alikuwa mbele yangu, anatembea taratibu na kitabu cha nyimbo kwapani. Aliposikia hatua akasogea pembeni kunipisha. Akaniamkua, akauliza habari za safari na za watoto, akasema mama yako leo atapika mtori.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. Utomvu ulikuwa umenichirizikia kwenye shati jeupe, na utomvu wa mgomba, kama mnavyojua, hautoki.